Naomba ushauri: nimwanzishie wapi kijana mgeni katika FlightGear?

Rubani_Kondele (Kisumu)
Ndugu zangu, hamjambo? Kila Jumamosi mchana mimi huwasimamia vijana sita au saba katika chumba cha kompyuta cha kanisa letu hapa Kondele. Tunajifunza kurusha ndege kwa FlightGear, programu ya bure ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, ambayo watu wa kujitolea wameiendeleza tangu 1997. Mgeni akifika, mimi humfungulia mwongozo, ambao ni mrefu na umeandikwa kwa Kiingereza. Husoma kurasa mbili, akarudi kwenye mchezo na kubonyeza hiki na kile, ndege ikaacha njia na kuingia majanini, na Jumamosi inayofuata haonekani tena. Juma lililopita msichana mmoja wa kidato cha pili alikaa dakika 40 akibonyeza tarakimu za upande wa kulia wa kibodi bila ndege kuitikia, kisha akaniambia kwa upole kwamba huenda mambo haya si yake. Maneno hayo hayajaniondoka moyoni. Nifanyeje?

Mwalimu_Nakuru
Pole, ndugu. Kabla ya jambo jingine lolote, tazameni kama taa ya Num Lock, kitufe kinachowasha na kuzima tarakimu za upande wa kulia wa kibodi, inawaka. Tarakimu hizo huongoza ndege Num Lock ikiwa imewashwa: 4 na 6 huilaza kushoto na kulia, 8 na 2 hushusha na kuinua pua, 0 na Enter hugeuza usukani wa mkia, na 5 hurudisha vyote katikati. Mwongozo unalieleza hilo, ila mgeni hana njia ya kujua kwamba sentensi hiyo moja ndiyo anayoihitaji leo, na ndiyo maana kumpa kitabu kizima si kumsaidia. Msichana huyo hakushindwa na lolote. Alikosa mtu wa kumwonyesha mahali pa kutazama.

Mwonye pia kuhusu mambo mawili yanayowachanganya karibu wageni wote. Kishale cha juu hushusha pua, kwa sababu ni sawa na rubani kusukuma usukani mbele, kwa hiyo anayetaka kupaa abonyeze cha chini. Na akigusa Tab bila kukusudia, kipanya huacha kuwa cha kubofya na kuanza kuendesha ndege. Aendelee kubonyeza Tab mpaka kishale cha kawaida kirudi.

Baada ya hapo afungue menyu ya Help. Humo mna orodha ya vitufe na masomo ya hatua kwa hatua ya ndege ndogo ya Cessna 172P. Alama ya kuuliza kwenye kibodi nayo hufungua maelezo ya ndege ile aliyomo, na hilo ni muhimu kwa kuwa ndege hazifanani.

Binti_Kakamega
Nakubaliana na Mwalimu, lakini ningeongeza daftari. Usimwandikie orodha ya vitufe. Mwache aiandike mwenyewe kwa Kiswahili, kitufe kimoja kila anapokihitaji, na kando yake anakili neno la Kiingereza kama lilivyo kwenye menyu, ili siku akikwama ajue neno la kutafuta. Vitufe vitano vinatosha kwa siku ya kwanza. Mimi nilianza na Page Up ya kuongeza nguvu ya injini, na Shift pamoja na B ya breki ya kuegeshea, ambayo iliwahi kunishikilia palepale huku injini ikinguruma kwa nguvu zake zote.

Hakikisha pia kwamba mwongozo mlio nao ni wa toleo lile lile la programu. Maelezo ya zamani humfanya mgeni atafute kitu ambacho huenda kimehamishwa, naye akadhani kosa ni lake.

Fundi_Bungoma
Pakueni mwongozo mara moja na kuuhifadhi katika kila mashine, bando lisije likaisha katikati ya somo. Kisha waanzieni nyumbani: chagueni uwanja wa ndege wa Kisumu, ambao msimbo wake ni HKKI. Waambieni mapema kwamba kipima kimo kitaonyesha zaidi ya futi 3,700 magurudumu yakiwa bado chini, kwa sababu kinahesabu kutoka usawa wa bahari. Mgeni asiyeambiwa hudhani kimeharibika.

Rubani_Kondele (Kisumu)
Nawashukuru nyote. Taa ya Num Lock ilikuwa imezimwa. Nilimpigia simu mama wa yule msichana, na msichana akarudi jana. Ameandika vitufe vyake vitano, ameruka HKKI na kuzunguka juu ya ghuba ya Winam, na sasa anataka kujua kutua. Je, somo la kutua nalo limo katika menyu hiyo?

Mwalimu_Nakuru
Limo. Mwache kwanza arudie kuruka mpaka asihitaji kutazama daftari, kisha siku ya kutua umketishe na mwenzake wa kumsomea maelezo kwa sauti, kwa kuwa macho yake mwenyewe yatakuwa kwenye njia ya kutulia.