Neno gani la sayansi lilikupiga chenga ulipoingia kidato cha kwanza? Tupeane uzoefu, wa Arusha na Moshi

Wakuu, habari za jioni. Mtoto wa dada yangu ameanza kidato cha kwanza mwezi huu hapa Arusha. Katoka shule ya msingi ya serikali, alikosoma kwa Kiswahili, na sayansi alikuwa anapata A; sasa masomo yote ni kwa Kiingereza. Juzi nimemkuta amekaa kwenye ngazi za nje na daftari la fizikia, machozi yanamtoka. "Mjomba, sielewi hata swali linauliza nini."

Nikasoma. Swali lilikuwa la "lever". Nikamwambia "fulcrum" ni egemeo, "load" ni mzigo, "effort" ni jitihada. Akanyamaza kidogo, halafu: "Ahaa, kumbe ni wenzo!" Hapo hapo akaanza kunifundisha mimi: mkasi egemeo liko kati, toroli mzigo uko kati, mkono unaonyanyua ndoo jitihada iko kati. Akakunja mkono wake kunionyesha kiwiko ndilo egemeo. Yaani fizikia anayo, ila mlango umebadilishwa kitasa.

Sasa tuambiane: neno lipi lilikutesa, na lilikutokaje? Naanza mimi. Madam wa baiolojia aliandika "tissue" ubaoni, akaomba mfano. Nikanyoosha mkono kwa kujiamini kabisa: "Toilet paper, madam." Mnadhani darasa lilicheka? Hakucheka mtu. Wote tulikuwa tunajua hivyo hivyo. Alicheka madam peke yake, mpaka akaweka chaki chini. Kumbe alitaka tishu za mwilini, yaani kundi la seli zinazofanya kazi moja, kama msuli.

Mtoto wa Kibosho
Mass. Mimi nilikuwa mtumikiaji altareni, na "mass" nilikuwa naijua moja tu, ile ya Jumapili saa moja asubuhi. Tukaambiwa "matter is anything that has mass and occupies space". Nikakariri, nikaandika kwenye mtihani, nikapewa tiki kubwa. Kichwani kwangu ilikuwa: kitu chochote chenye misa na kinachokaa kwenye nafasi. Nikajisemea kumbe sayansi nayo ina dini. Nimekuja kujua muhula wa pili.

Ticha Mstaafu, Moshi
Mwanangu wa Kibosho, wewe angalau ulichanganya na kanisa. Wengi nimewafundisha waliochanganya na soko, na hao ndio wagumu. Nenda Mbuyuni uulize uzito wa mkungu wa ndizi, utajibiwa kwa kilo. Mtoto amekua hivyo. Anafika darasani anaandika "my weight is 40 kg", anapigwa kosa, hajui kosa liko wapi, na mwalimu naye anamwambia tu "kariri".

Mimi nilikuwa naacha kitabu, naanza na mama muuza ndizi. Nasema: kilo ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo mwilini mwake. Mama wa kilo 60 ukimpandisha Kibo, mita 5,895, bado ana kilo zake 60. Uzito ni ile nguvu ambayo dunia inamvuta nayo, tunaipima kwa nyutoni: hapa Moshi ni kama 600, kule kileleni hupungua kidogo sana. Ukimpeleka mwezini anabaki na nyutoni 100 hivi, na kilo zake ni zile zile. Wanacheka kumfikiria mama na kitenge chake mwezini, lakini kwenye mtihani wa kidato cha pili hawakosi tena. Ukiwapa "mass" na "weight" kwenye sentensi za Kiingereza bila huyo mama, unapoteza wiki mbili.

Binti Meru
Langu ni "fluoride". Nimekulia Ngarenanyuki, wenyeji mnajua meno yetu. Nilikuwa nacheka nimefunika mdomo. Kidato cha pili, mwalimu wa kemia akaliandika neno hilo ubaoni, akasema liko kwa wingi kwenye maji ya kwetu, linatoka kwenye miamba ya volkano, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajijenga yanatoka na rangi ya kahawia. Akasema pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kulipunguza majini, na wanatumia mkaa wa mifupa. Miaka yote nilikuwa naambiwa sipigi mswaki! Nilirudi nyumbani nikamwandikia bibi neno lile kwenye ukuta wa jiko kwa mkaa. Bado lipo.

Kijana wa Ngarenaro
Boiling point. Kitabu kinasema 100. Tumechemsha maji maabara, kipimajoto kimefika 95 kikagoma. Mwalimu wa zamu akatushutumu tumeharibu kifaa, tukapewa adhabu ya kufyeka. Kumbe Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo, maji yanawahi kuchemka. Kipimajoto kilikuwa sahihi. Ile adhabu namdai nani?

Mangi wa Uru
"Fermentation" sikuhitaji kufundishwa. Bibi akitengeneza pombe ya ndizi, anaotesha ulezi, anaukausha, anausaga; ndizi zinapikwa, zinaachwa zichachuke, ndipo unatiwa uji wa kimea. Ile povu ya juu ni hewa ya ukaa, hamira inakula sukari inatoa pombe. Nilieleza mbele ya darasa kwa Kiingereza kibovu, mwalimu akauliza nimejuaje yote haya. Nikasema, "I read, sir."

Mdau mwingine
"Solution". Ya hesabu ni jibu, ya kemia ni maji ya chumvi. Sina la kuongeza.

Mjuaji wa Njiro
Mimi nawapinga kidogo. Mnalaumu Kiingereza, mbona "photosynthesis" hakuna aliyeitaja hapa? Ndefu vile! Na "usanisinuru" nayo hakuna anayeitumia akishatoka darasani. Nililishika lile la Kiingereza siku moja tu.

(Mwanzisha mada)
Mkuu wa Njiro, hapo umenifungua macho. Neno refu halina pacha mtaani, kwa hiyo unalipokea jinsi lilivyo. Yanayotuua ni haya mafupi tunayodhani tunayajua: "mass", "tissue", "power". Ticha, huyo mama wa ndizi nimemwazima, nimeshamtumia jana usiku.

Ila leo tumefika kwenye "work" na mambo yameharibika. Nimemweleza dogo kwamba kwenye fizikia kazi inahesabika pale kitu kinaposogea kuelekea upande ambao nguvu inakisukuma. Akafikiri, akauliza: "Kwa hiyo mama akitoka bombani na ndoo kichwani, njia tambarare, ile ndoo hajaifanyia kazi?" Nikasema ndiyo, nguvu yake inainua kwenda juu, ndoo inakwenda mbele, kwa kitabu ni sifuri.

Dada alikuwa jikoni, dirisha liko wazi. Ugali wa leo tumejisongea wenyewe.