Berthoud Pass baada ya dhoruba: saa 48 zinatosha?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Tuko watatu, Jumamosi tunataka kupanda na ski Berthoud Pass, Colorado, kusiko na lifti wala doria. Theluji ilikuwa sm 70, ya chini kabisa ipo tangu Novemba. Juzi imeongezeka sm 30, na upepo mkali wa magharibi. Utabiri wa CAIC (kituo cha Colorado cha taarifa za maporomoko ya theluji) unasema hatari ya poromoko ni 3 kati ya 5, mbaya zaidi upande wa kaskazini na mashariki. Huwa inasemwa ukisubiri saa 48 theluji inashikana. Ni kweli? Na tukichimba shimo kupima uimara wa theluji, kipimo kikitoka vizuri, tukiamini?

Tabaka_la_Chini:
Mkuu, hizo saa 48 ni za theluji mpya. Tatizo lako liko chini yake.

Ardhi iliyofunikwa na theluji hukaa karibu na nyuzi 0. Uso wa theluji ukifika -14, una tofauti ya nyuzi 14 ndani ya sm 70, yaani nyuzi 2 kwa kila sm 10. Ikizidi nyuzi 1 hivi kwa sm 10, mvuke hupanda na kuganda upya kwenye chembe za juu, zinakuwa kubwa, zenye kingo, zisizoshikana. Ukizichota zinamwagika mkononi kama sukari. Tabaka hilo hudumu wiki nyingi, hata miezi, na sasa upepo umelijengea bamba zito (theluji iliyoshikana kama ubao) juu yake upande wa mashariki.

Kiwango cha 3 maana yake mtu kuangusha poromoko ni jambo la kutarajiwa. Tena si lazima uwe juu ya mteremko: ufa unaweza kuanzia kwenye tambarare chini yake ukapanda. Mkisikia mlio mzito "vuump" chini ya miguu, au nyufa zikikimbia mbele ya ski, geuzeni hapo hapo.

Koleo_la_Alumini:
Kuhusu shimo: chimba mahali salama panapoelekea upande uleule, mpaka ardhini. Kata nguzo upana sm 90, kina kwenda nyuma sm 30, itenganishe kabisa. Laza koleo juu ya nguzo upande mmoja, ligonge mara 10 kwa mkono kuanzia kifundo cha kiganja, 10 kuanzia kiwiko, 10 kuanzia bega. Ufa ukivuka nguzo nzima kwa pigo lilelile lililouanzisha au linalofuata, msikanyage mteremko huo.

Matokeo mazuri hayakupi ruhusa. Umepima nukta moja tu. Karibu na mawe na miti bamba ni jembamba, na hapo ndipo uzito wa mtu hulifikia tabaka dhaifu la chini.

Mleta mada:
Nimekuelewa. Kwa hiyo Jumamosi twende wapi?

Tabaka_la_Chini:
Kwenye mteremko wa chini ya digrii 30, na pasiwe na mteremko mkali juu yenu. Mabamba mengi huporomoka kwenye digrii 30 hadi 45. Pimeni kwa klinomita (kipima mwinamo), ramani huficha vipande vifupi vyenye ukali.

Koleo_la_Alumini:
Na kila mtu awe na transiva ya 457 kHz (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa), koleo la chuma na fimbo ya kuchoma theluji kumtafuta mtu, ya sm 240 au zaidi. Simu ikae sm 20 mbali na transiva, sm 50 mnapotafuta. Fimbo ikimgusa mtu, iacheni palepale, mchimbe kuanzia upande wa chini wa mteremko.

Mleta mada:
Shukrani wakuu. Upande wa mashariki tumeufuta.