"Elfu kumi na tano": mbele ya sheria ni shilingi ngapi?

Mleta mada
Sheria inayosimamia hundi Tanzania (Sura ya 215) na ya Kenya (Sura ya 27), zote zikifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1882, zinakubaliana jambo moja: maneno yakipishana na tarakimu, maneno ndiyo yanayolipwa. Msingi huo naukubali kabisa. Sifuri hupachikwa kwa sekunde moja, na 1 hugeuzwa 4 au 7.

Shida ni kwamba maneno tunayoyapa ushindi hayajanyooka. "Shilingi elfu kumi na tano" ni 15,000 au 10,005? "Elfu mia mbili na hamsini" ni 250,000 au 200,050? Sokoni hakuna ugomvi, bidhaa yenyewe inaonyesha bei yake. Kwenye deni lenye riba, kiasi kisicho mviringo ni cha kawaida. Anayedaiwa atasoma kidogo, anayedai atasoma kikubwa, na wote wawili watakuwa wamesoma Kiswahili sahihi.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania. Kwa hiyo napendekeza BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), Benki Kuu na mawakili wakubaliane mpangilio mmoja: idadi itangulie, elfu ifuate. "Kumi na tano elfu" iwe 15,000. "Kumi elfu na tano" iwe 10,005.

Karani wa ofisi ya mawakili
Unakuza jambo. Sisi tunaandika maneno, kisha tarakimu kwenye mabano. Maneno yakiwa na utata, tarakimu zinayafafanua, na hakimu anatazama nia ya waliotia saini. Benki nazo hazihangaiki: hundi ambayo maneno hayalingani na tarakimu hurudishwa tu. Mzee anayeuza shamba nikimsomea "kumi na tano elfu" ataniuliza kama nimejifunza Kiswahili ukubwani. Mkataba ni wa yule anayeweka dole gumba, lazima asikie lugha yake.

Mfanyabiashara, Namanga
Mnaacha kubwa. Shilingi ya nani? Huku mpakani, stakabadhi iliyoandikwa "shilingi laki moja tu" haijasema lolote, maana ya Kenya ina thamani kubwa mara nyingi kuliko ya Tanzania. Jina la nchi liandikwe kabla ya idadi, kila mara. Halafu laki msiiguse. "Laki mbili na elfu hamsini" nani ataisoma vibaya?

Mchangiaji mwingine
Ujumbe wa M-Pesa una tarakimu tupu na watu wanalipana kila siku. Maneno ya nini tena?

Mleta mada
Nianze na hili la mwisho. Ujumbe wa simu unatungwa na mfumo baada ya fedha kuhama, na kumbukumbu inabaki kwa kampuni. Karatasi ya kuuziana kiwanja au ya mgawo wa mirathi inalala kabatini kwa mtu mmoja, na kalamu anayo. Hapo maneno ni ulinzi.

Karani, hoja ya mabano ndiyo inayonitia hofu zaidi. Tukiziachia tarakimu ziamue maana ya maneno, tumezirudishia mamlaka ambayo sheria ilizinyima kwa sababu ni rahisi kughushi. Na zipo hati nyingi za mkono zisizo na mabano kabisa: "Nimepokea elfu ishirini na tano kutoka kwa fulani," saini, basi. Huyo mzee unayemtetea ndiye mwenye hati za namna hiyo, na hana uwezo wa kulipa wakili amtafutie nia ya miaka kumi iliyopita.

Wa Namanga, jina la sarafu nalipokea bila ubishi, na laki pia, inasaidia sana kwenye 250,000. Ila ongeza elfu tano. "Laki mbili na elfu hamsini na tano": 255,000 au 250,005? Tumerudi pale pale.

Sasa hii: "Shilingi za Kenya laki mbili na hamsini na tano elfu tu", kisha mstari hadi mwisho wa karatasi ili pasipenye neno. Karani, msomee mteja wako yeyote kwa sauti. Kama haelewi, leta maneno ambayo yeye ataelewa na ambayo hayasomeki kwa njia mbili. Nitayaunga mkono hayo badala ya yangu.