Bastola na mtoto wa miaka 3: naomba ushauri, hasa kina mama

Habari zenu ndugu zangu. Nafanya biashara ya mbao hapa Mafinga, na mara nyingi nasafiri na pesa taslimu hadi Mbeya. Nina bastola, naimiliki kwa leseni kama Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inavyotaka. Nilizoea kuiweka kwenye mkoba.

Juzi nimerudi nimechoka, mkoba nikauacha kwenye kochi nikaenda kuinjika chai. Kurudi namkuta wangu wa miaka 3 anatafuta pipi: zipu imefika nusu, mkono umo ndani. Niliishiwa nguvu, nikakaa chini palepale. Mkoba siutaki tena.

Sasa najaribu kuivaa bastola kwenye ala ya kiunoni ndani ya koti, baridi ya huku inasaidia kuificha. Shida ni mdogo wake wa miezi 8. Nikimbeba mgongoni kitenge kinakaza juu ya ala, na akinyonya anashikashika kila kitu.

Mnaobeba bastola na mna watoto wachanga, mnaivaa wapi? Na nyumbani, sefu ndogo ya namba iliyofungwa ukutani kwa bolti inatosha, risasi nikizifungia kwingine? Dada wa kazi nimwambie kwamba ipo?