Vyeti vya biashara kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu: tupeane uzoefu (Unguja na Pemba)

BintiMicheweni: Assalaam alaykum. Kila nikifungua redio nasikia "sajilini vikundi mtambulike". Sawa, tumesajili. Sasa nataka nisikie kwa wenyewe: kile cheti kimekufaa nini? Yale ya kwenye warsha nimeyashiba. Semeni mlitakiwa mpeleke nini, mlikwama wapi, na baada ya hapo soko lilikuja au karatasi imelala kabatini.

Naanza mie. Sisi ni mama wa mwani. Barua ya sheha ilikuwa nyepesi, anatujua hadi majina ya watoto. Vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi tunavyo. Katiba ya kikundi ndiyo iliyotutoa jasho. Tulipewa ya kunakili, ya kikundi cha wafuga kuku, na kifungu cha chanjo kimo ndani! Tukakaa barazani tukaisoma mstari kwa mstari, maana wenzetu wengine hawakukaa sana skuli. Mikopo ya ZEEA, wakala wa uwezeshaji kiuchumi Zanzibar, tunaisikia, bado hatujajaribu.

FundiWete: Kabla hatujafika mbali, watu wasichanganye. Zile asilimia 10 za mapato ya halmashauri za kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ni za Bara. Na ile asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, Bara pia. Huku manunuzi ya umma yana sheria yake, Namba 11 ya 2016. Nimeshaona mtu kaenda ofisini Chake kudai "asilimia yangu". Walimcheka, masikini.

MamaSabuniPaje: Kwangu cheti cha kikundi peke yake hakikuniuzia hata kipande kimoja cha sabuni yangu ya mwani. Mwenye hoteli hakuuliza kama mimi mjane au nina mume. Kauliza: alama ya ubora iko wapi? Basi ikawa safari ya ZBS, taasisi ya viwango Zanzibar, sampuli ipimwe, na lebo iwe na uzito, viungo, tarehe, jina la mtengenezaji. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga sabuni kwa karatasi na ukili, wageni wakipenda, lakini duka halipokei. Mwani mkavu bei anapanga mnunuzi. Sabuni bei napanga mimi. Kwa hiyo shoga yangu wa Micheweni, cheti cha kikundi kinakuingiza mlangoni, bidhaa itakuhitaji karatasi yake mwenyewe. Wenye achari na jemu nasikia wana ya kwao tena, ya chakula.

KiguuNjia: Jina langu msilicheke, natembelea baiskeli ya magurudumu matatu na mji mzima wananijua.

Mimi nna hadithi nyengine. Alikuja bwana mmoja, mfanyabiashara, kakaa nasi vizuri sana. Akasema: nyinyi wenye ulemavu mna nafasi, mimi nna mtaji, tusajili pamoja. Mwenyekiti mlemavu, katibu mlemavu, picha tukapigwa tumejipanga. Mkataba wa kushona sare ukapatikana. Cherehani zikawekwa kwake. Hundi zikawa zinasainiwa na yeye na shemeji yake, sisi tukaletewa "posho". Nikauliza hesabu, nikaambiwa nitulie, mambo ya biashara yana wenyewe.

Alitaka majina yetu, kazi yetu hakuwa na haja nayo. Na kwenye karatasi kila kitu kiko sawa! Mkaguzi akija atakuta walemavu watupu. Hapo ndipo ninapoona uthibitisho wetu una tundu: unahesabu vichwa, hauulizi nani anashika kalamu benki.

MpembaUghaibuni: Ami KiguuNjia, umenigusa. Niko Marekani, mume wangu ana kampuni ya usafi. Kuna mpango wa serikali kuu unaitwa 8(a), wa biashara ndogo za watu waliobanwa kijamii na kiuchumi. Lazima umiliki angalau asilimia 51, mali zako binafsi ukishatoa madeni zisizidi dola 850,000, na wanachimba khaswa: nani anaendesha kila siku, nani anaamua. Ukikubaliwa unakaa miaka 9, kisha unatoka. Na huku pia wapo wa kuazima majina, usidhani. Mwaka 2023 mahakama ya Tennessee ikakataa mtu kuhesabiwa kabanwa kwa asili yake tu, ikabidi waombaji wengi waandike maelezo ya namna walivyobaguliwa. Mume wangu aliandika usiku hadi akalia. Kumuandikia afisa usiyemjua madhila yako, wallahi si kazi ndogo.

MamaSabuniPaje: Bora sheha wangu, hataki insha.

BintiMicheweni: 😂 Ami, sasa mlitokaje kwa yule bwana?

KiguuNjia: Tulimuachia jina na cherehani zake. Tukaanza upya, wachache, na cherehani mbili za kuazima. Safari hii katiba tuliiandika wenyewe: watia saini benki wote wawili wenye ulemavu, vifaa vinakaa kwa kikundi, hesabu zinasomwa kwa sauti kila mwezi kwa sababu mwenzetu mmoja haoni. Zabuni kubwa hatujapata. Tunashona sare za madrasa, rejareja.

FundiWete: Hicho kifungu cha saini kibandike hapa, ami, tukinakili sote. Cha chanjo ya kuku tutakiondoa.

KiguuNjia: Nampa mwanangu simu apige picha. Ukurasa wa pili, kifungu cha 6.