Mnaouza Cobra za kujiundia kwa kadi ya Ford 1965 mnatuumiza!

Wakuu habari zenu, hasa mlioko California mnaopenda magari.

Nina hasira sana. Nimenunua replika (nakala) ya Cobra, lile gari la michezo la miaka ya 60 lenye injini ya Ford, kwa jamaa wa nyumbani kabisa, Mswahili mwenzetu, kaiunda mwenyewe gereji kwake kutoka kwenye seti ya vipande vya kuunganisha, na kazi yake safi sitamnyima hilo, injini 302 ya Mustang ya miaka ya 90, rangi imetulia. Kadi ya umiliki imeandikwa Ford 1965. Kabla sijatoa hela nikamuuliza, kaka, hii inakuwaje ya 1965 wakati umeiunda juzi tu? Akaniapia mbele ya mkewe kwamba zote zinasajiliwa hivyohivyo kwa sababu bodi inafanana na ya 1965, na kadi ni ya serikali, nisiwe na wasiwasi.

Naenda kubadilisha jina, wanataka namba ya chesisi ikaguliwe. Askari wa barabara kuu akalala chini na tochi. Kibati cha namba kimepigwa ribiti mpya za dukani, aina ileile iliyoshika mabati ya ndani, fremu ni mabomba ya mviringo yaliyochomelewa ya kisasa, bodi yote faiba. Akaniuliza, Ford gani ya 1965 ilitoka kiwandani na faiba? Nilikosa cha kumjibu. Namba ile ni ya Ford Falcon, gari lingine kabisa, iliyoishia kwenye chuma chakavu zamani. Gari likabaki hukohuko, nikarudi kwa miguu mpaka kituo cha basi.

Sasa kinachoniuma ni hiki: njia halali IPO. Kuna sheria ya California inayoitwa SB 100, kila mwaka magari 500 ya kwanza ya kujiundia yanapewa namba maalumu, na ukishaipata unachagua mwenyewe upimwe moshi kwa mwaka wa injini au kwa mwaka wa gari ambalo bodi yako inafanana nalo. Bodi ya Cobra inafanana na ya 1965, na gari la 1975 kurudi nyuma halipimwi moshi. Yaani nafuu aliyoitafuta kwa uongo angeipata kwa haki! Ila kwa njia hiyo unaonyesha risiti za vipande, unaonyesha cheti cha asili, ile karatasi ya kiwanda iliyokuja na seti, na unalipa kodi ya thamani halisi. Hapo ndipo walipokwepa, wanaandika gari kuukuu la dola mia chache, kodi ya mia chache, basi. Na mpokeaji wa balaa ni mnunuzi.

Namuomba risiti, anasema katupa. Cheti cha asili hakioni. Ili nilisajili upya kihalali natakiwa nijaze maelezo ya ujenzi wa gari ambalo sijalijenga, nisaini chini ya kiapo, nitaapa nini mimi? Halafu sheria ya jimbo inasema gari la namna hii liwe limeundwa kwa matumizi binafsi, siyo la kuuza, na yeye ana lingine liko juu ya jeki na tangazo kashaweka. Huyo siyo fundi wa hobi tena, ni mtengenezaji asiye na leseni. Na kuhamisha namba ya chesisi ni kosa la serikali kuu, mpaka miaka 5 jela, halafu mtu anakuambia "kila mtu anafanya".

Bima je? Nimekatia bima Ford 1965, gari ambalo halipo duniani. Ningemgonga mtu barabarani wangelipa nini hao?

Na msiniletee habari za jimbo la Vermont. Ule mchezo wa kusajili kwa posta gari la zaidi ya miaka 15 bila kuishi kule waliufunga 2023, na wenye makaratasi ya vile wengi wanahangaika wakifika majimbo mengine.

Ukikutana na Cobra, muulize muuzaji cheti cha asili kiko wapi, risiti ziko wapi, na kadi imeandika gari la kujiundia au imeandika Ford. Cobra za kweli za Carroll Shelby, Mmarekani aliyezianzisha, zilitoka kama 1,000 tu, haiwezekani kila mtaa uwe na ya 1965. Akianza kuapa, ondoka.

Jamaa simu hapokei, meseji kasoma. Mahakama ya madai madogo kwa huku mwisho $12,500 na mimi nimetoa zaidi ya hapo, kwa hiyo wakili nimeshampata na barua ya madai inaondoka Jumatatu. Kama kuna mwingine alinunua kwake aje inbox, twende pamoja.