Lili ya simbamarara, lili ya siku moja au gloriosa: nipande ipi Lanet?

Mama_Lanet
Hamjambo wadau. Nina kipande mbele ya nyumba hapa Lanet, Nakuru, mita 6 kwa 1 hivi, kati ya lango na baraza. Nataka maua ya rangi ya machungwa ambayo mgeni akiingia atauliza ni nini. Nimebaki na matatu: lili ya simbamarara (ile ya petali zilizokunjika nyuma zenye madoadoa), lili ya siku moja, na gloriosa, ambayo shangazi yangu wa Kakamega anaisifu kila nikimpigia. Udongo wangu ni ule wa majivu, unamwaga ndoo ya maji na hayaonekani yalikoenda. Fuko wapo. Wiki jana nilinunua miche minne kando ya barabara, shilingi 300 kila mmoja, muuzaji akaapa ni simbamarara. Picha nimeweka. Je, niendelee nayo au nimepotea?

Mzee_wa_Molo
Mama, pole, hiyo si simbamarara. Angalia picha yako: majani yote yanatoka chini kwa pamoja, marefu na membamba kama mahindi machanga. Hiyo ni lili ya siku moja. Simbamarara yenyewe inatoa shina moja lililosimama, linalofika mita moja na nusu au zaidi, na majani yamepangika kwenye shina kuanzia chini hadi juu. Kwenye kwapa za majani utaona vitu vyeusi vinavyong'aa, vikubwa kidogo kuliko punje ya pilipili manga. Hivyo ni vijitunguu, na ndivyo mbegu yake, kwa sababu aina inayopandwa sana ni tasa na haizai mbegu za kawaida. Ua la simbamarara linaangalia chini na lina madoa. La siku moja linaangalia juu, halina madoa, na bua lake halina majani.

Muuzaji huenda hakukudanganya makusudi. Wengi wanaziita zote jina moja.

Kijana_wa_Section58
Mimi nina swali la kando. Nani aliiita simbamarara? Simbamarara ana milia! Ua lina madoa. Angekuwa mtu wa Nakuru aliyemwona chui kule mbugani, ingekuwa lili-chui na mjadala ungeisha.

Mzee_wa_Molo
😂 Nakubali, kuanzia leo lili-chui. Kwao ni China, Korea na Japani, na huko matunguu yake huliwa kama chakula. Ilifika Uingereza mwaka 1804, ikitumwa kutoka China hadi bustani za Kew.

Sasa habari ya kupanda. Mimi nilianza na vijitunguu kumi nilivyopewa na jirani. Nilivifukia sentimita 2 au 3 tu kwenye kasha la mbao. Mwaka wa kwanza kila kimoja kilitoa jani moja jembamba, mke wangu akaniuliza kama nafuga nyasi. Ua la kwanza niliona mwaka wa tatu. Ukipata tunguu zima ni haraka zaidi: lifukie kina cha mara tatu ya urefu wake, yaani kama sentimita 15, kwa sababu lina mizizi mingine inayotoka kwenye shina juu ya tunguu, na hiyo inataka udongo wa kushika. Usiliache likauke mezani wiki nzima kama kitunguu cha kupikia. Halina ganda la juu, ni magamba matupu, linanyauka upesi.

Nyar_Kano
Ngoja nilete habari mbaya kutoka Kisumu. Nilipanda lili-chui sita mwaka juzi. Mbili zilioza masika, maana huku kwetu mfinyanzi mweusi ukilowa unashika maji kama sufuria. Nikainua tuta, nikachanganya mchanga na samadi iliyooza vizuri. Nne zilizobaki zilichanua mara moja, zikapendeza ajabu. Mwaka uliofuata, majani tu. Mwaka huu, hata majani ni ya huruma.

Nilikuja kuelewa kwamba hizi lili zinataka kipindi cha baridi ndipo zikusanye nguvu za kuchanua. Kisumu hakuna baridi, tuko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na ziwa linatupasha. Kuna wanaoyachimba matunguu na kuyaweka kwenye friji wiki 6 hadi 8, ndani ya maranda yenye unyevu kidogo. Mimi na watoto wangu na friji moja? Matunda pia hayatakiwi humo, kwa sababu gesi inayotoka kwenye ndizi na maparachichi yanayoiva inaharibu chipukizi la ua lililo ndani ya tunguu. Niliacha.

Mimi siku hizi ni maua ya kana tu. Ya rangi ya machungwa. Haihitaji kubembelezwa.

Kijana_wa_Section58
Kana? Yale maua ya mbele ya ofisi ya chifu?

Nyar_Kano
Hayo hayo, kijana. Chifu amebadilishwa mara tatu, kana ziko palepale.

Mama_Shinyalu
Mama Lanet, shangazi yako ana macho mazuri lakini akuambie yote. Gloriosa ni yetu, huku inajiotea vichakani, na hakuna ua linaloshinda zile ndimi nyekundu na njano zilizosimama kama moto wa kuni kavu. Haina haja ya friji. Kiangazi inakauka yote, usiogope ukadhani imekufa. Mvua ikirudi inachomoza. Inapanda kwa ncha za majani, zinajisokota kwenye chochote, kwa hiyo iwekee waya au fito. Ukihamisha viazi vyake shika kama yai: kichipukizi kiko kwenye ncha, ikivunjika hakuna mmea.

Lakini ni sumu kali, mmea mzima, na viazi vyake ndivyo hatari zaidi. Watu wamewahi kuvila wakidhani ni viazi vikuu, wakafa. Mimi nina wajukuu wanaochimba kila kitu, kwa hiyo naiangalia vichakani tu.

Fundi_Kitalu
Naongeza kuhusu fuko, maana nauza miche hapa Nakuru na malalamiko ninayoyasikia sana ni hayo. Tunguu la lili kwake ni karamu. Chimba kitanda chako sentimita 40, tandaza waya wa kuku chini na upandishe pembeni hadi juu, halafu rudisha udongo. Ni kazi ya siku moja lakini unaifanya mara moja. Udongo wa majivu ni mzuri kwa lili kwa sababu haushiki maji, ila hauna chakula, changanya samadi iliyokaa miezi, si ile inayonuka bado. Tandaza nyasi kavu juu, mizizi ipate ubaridi huku kichwa kikiota jua.

Na kama una lili nyingine nyumbani, zile nyeupe za kanisani, usipande lili-chui karibu nazo. Inaweza kubeba virusi bila yenyewe kuonyesha dalili, kisha vidukari wanaisambaza na majani ya zile nyingine yanapata michirizi na kujikunja.

Kwa Nakuru, tuko mita 1,850 hivi, naona ni nusu kwa nusu. Nimeona ikichanua kule Bahati, nje ya mji, nimeona ikikataa mjini.

Daktari_wa_Mifugo_Njoro
Samahani nachelewa. Mama Lanet, kwenye picha ya pili naona mkia wa paka. Ni wako?

Mama_Lanet
Ni wangu, anaitwa Kahawa. Kwani?

Daktari_wa_Mifugo_Njoro
Basi tusimame hapo kwanza. Lili-chui na lili ya siku moja, zote mbili, zinaua paka. Jani kidogo, petali, hata chavua aliyojipangusa mgongoni na kuilamba, figo zinaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Atatapika, atakataa chakula, halafu utadhani amepata nafuu, kumbe ndiyo mwisho unakuja. Paka akionekana ametafuna, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje dalili. Gloriosa nayo ni sumu kwa kila mwenye mdomo. Kati ya yote yaliyotajwa hapa, kana peke yake ndiyo ningeiacha mbele ya baraza lenye paka.

Nyar_Kano
Sisemi kitu. Nanywa chai.

Kijana_wa_Section58
Naomba radhi kwa chifu.

Mama_Lanet
Jamani. Kahawa analala pale pale nilipoiweka ile miche! Nimeitoa sasa hivi, nimeifungia kwenye stoo. Jumamosi naipeleka kwa mama yangu Elburgon. Hana paka, na asubuhi kule wanavaa makoti mawili. Mzee wa Molo, kwake si mbali na wewe. Naweza kupata vijitunguu vyeusi nimpandie huko? Nitaweka waya kama fundi alivyosema. Hapa langoni, Nyar Kano, kana inapandwa kwa umbali gani?

Nyar_Kano
Nusu mita, shina kwa shina. Zikibanana baada ya miaka 2 au 3 unachimba unagawia majirani. Maji usizibanie kwenye huo udongo wako wa majivu.

Mzee_wa_Molo
Vijitunguu viko, vimeanza kudondoka vyenyewe, ukivigusa tu vinakuachia. Pitia Jumamosi kabla ya saa 6. Beba bahasha ya karatasi, kwenye plastiki vinaota ukungu. Na uje na nguo ambayo huipendi, mengine bado yamechanua na ile chavua ikikupata usiifute kwa maji, itazama. Unaibandua kwa selotepu.